Kinyonga na Vizibo Ishirini na Vinne

Shangazi yangu aliitwa Kinyonga tangu akiwa na miaka tisa, na jina hilo hakulionea haya hata siku moja. Kwenye kiwanda cha kushona sare alichokitumikia miaka thelathini na miwili, wapo walioamini kwamba ndilo jina lake la kuzaliwa. Sasa amestaafu, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na ukimwuliza jina lilitoka wapi atakuambia, "Nililipata kwenye ngazi, kwa jasho langu."

Aliyempa jina ni kaka yake, yaani baba yangu. Kwa hiyo habari hii nimeisikia kwa vinywa viwili, na kila mmoja anadai mwenzake anatia chumvi. Nitasimulia walipokubaliana. Wasipokubaliana, nitasema.

Walikulia kwenye jengo la ghorofa tatu, karibu na kituo cha mabasi. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili ngazi zilikata kona, na kwenye kona hiyo palikuwa na nafasi pana kiasi cha kutandika jamvi, na dirisha lililopoteza kioo zamani. Mwanga ulikuwepo, upepo ulikuwepo, na mama yao aliweza kuwasikia bila kuwaona. Pakawa uwanja wao wa drafti.

Ubao ulikuwa mfuniko wa sanduku la sabuni waliloliokota nyuma ya duka. Baba aliupiga msasa kwa kuusugua ukutani, shangazi akachora miraba sitini na minne kwa rula ya shule, na rafiki yao wa ghorofa ya chini akaipaka mkaa, mmoja mweusi, mmoja mtupu. Kete zilikuwa vizibo vya soda, ishirini na vinne. Kumi na viwili vilikaa kifudifudi, kumi na viwili kichalichali, basi, hakuna aliyegombana juu ya rangi. Kete ikifika upande wa pili, unaweka kizibo juu ya kizibo, nayo inakuwa kingi, inayorudi nyuma na kwenda mbele ipendavyo.

Huyo rafiki walimwita Profesa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, meno ya mbele mawili yenye mwanya, na maneno yasiyokwisha. Akishinda, alitoa mhadhara. Akishindwa, alitoa mhadhara mrefu zaidi, kueleza kwa nini kwa haki yeye ndiye aliyeshinda.

Baba naye aliitwa Kidole. Alikuwa na mtindo wa kukisukuma kizibo kwa ncha ya kidole, kukichungulia kilipofika, kumtazama mpinzani machoni, kisha kukirudisha polepole kama mtu aliyekuwa anafuta vumbi. Kwa ajili yake ilitungwa sheria: ukigusa, umecheza. Sheria nyingine ilikuwepo kabla yao na haikuwa na mjadala: ukiona cha kula lazima ule, upende usipende.

Shangazi hakuhitaji kukatazwa kugusa. Alipiga magoti mbele ya ubao, akaweka mikono nyuma, akatazama. Alitazama mpaka wenzake wakaanza kuhesabu mabasi kwa mlio.

"Umekufa?" baba aliuliza.

"Niko hai. Nafikiri."

"Kinyonga wewe! Hata kinyonga mwenyewe angekuwa ameshavuka ubao na kurudi!"

Profesa akaanguka chali kwa kicheko, na jina likashika siku hiyo hiyo. Lakini baba na shangazi wote wanakiri jambo moja, na ndilo ninalolipenda kuliko yote: walimsubiri. Walimtukana, waliimba, walishuka kunywa maji na kupanda tena, ila hakuna hata siku moja waliyomwambia, "Cheza haraka au utoke." Na kwa sababu walimsubiri, baada ya mwaka mmoja akawa anawafunga wote wawili.

Chini ya jengo, upande wa barabarani, palikuwa na kinyozi. Huyu alikuwa na ubao wa kweli, wa mbao iliyong'arishwa, na kete za duara zilizochongwa. Aliuweka kwenye kigoda mlangoni, akicheza na wateja waliokuwa wanangoja zamu, na kwa miaka mingi hakuna aliyemfunga. Ukishindwa, alichovya kidole kwenye povu la sabuni na kuandika jina lako kwenye kona ya kioo kikubwa, ukae hapo siku nzima watu wakusome wakinyolewa.

Baba alijaribu. Alidumu muda wa kunyoa kichwa kimoja cha mtoto. Kioo kikaandikwa: KIDOLE. Wiki iliyofuata kikaandikwa: PROFESA, na Profesa akatumia siku sita kueleza kwamba kigoda kilikuwa kimeinama.

Jumamosi moja mchana ilinyesha mvua ya kumwaga. Barabarani hapakuwa na mtu, na kinyozi alikuwa amekaa peke yake akipuliza chanuo. Wakaingia watatu, wamelowa.

"Shikamoo mjomba," shangazi alisema. "Nimekuja kucheza."

"Marahaba. Kucheza nini, binti? Hapa hatuchezi mdako."

"Drafti."

Kinyozi aliwatazama wale wavulana wawili kwa kioo. "Hawa wamekutuma ulipize kisasi?"

"Hawajanituma. Wamenisindikiza."

Mvua haikuonyesha dalili ya kukatika, naye hakuwa na kazi. Akageuza ubao. Shangazi hakukaa kitini. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye nywele, akaweka mikono nyuma. Kinyozi akasogeza kete. Shangazi akatazama. Kinyozi akatazama mvua. Shangazi bado anatazama. Akaingia mteja mmoja, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, akavuliwa koti, akafungwa shuka shingoni, akapakwa povu, na ndipo shangazi akasogeza kete yake ya kwanza.

Mchezo uliendelea hivyo. Kinyozi alinyoa, akageuka, akasogeza, akarudi kunyoa. Mwishowe alikuwa na kingi wawili na shangazi amebaki na kete moja pembeni isiyo na pa kwenda.

"Umekwisha, binti," kinyozi alisema, akinyoosha kidole kuelekea kwenye povu.

"Nimeona. Lakini nimepotelea wapi?"

"Ulipotelea pale ulipoingia kwa mlango huo."

Baba na Profesa walicheka, kwa sababu kicheko kiliwarudishia heshima kidogo. Shangazi hakucheka wala hakununa. Alirudisha kete zote mahali pa kuanzia, kisha akaanza kuzisogeza, zake na za kinyozi, moja baada ya nyingine. "Wewe ulitoa huyu. Mimi nikatoa huyu. Wewe ukaja hapa, mimi nikaogopa nikajificha huku..." Akapitia mchezo mzima, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Katikati akasimama. "Ni hapa. Ulinipa moja, nikalazimika kula, kisha wewe ukala mbili na mlango ukafunguka. Ningetangulia kuziba huku, usingenipata."

Kinyozi alikuwa ameuacha wembe hewani. Aliinama juu ya ubao, akatazama pale alipoonyeshwa, akajaribu kwa macho njia moja, akajaribu ya pili.

"Kinyozi," mteja alisema kutoka kitini, "shavu langu moja linapigwa na baridi."

"Subiri kidogo, mzee. Kuna jambo hapa."

Hapo ndipo baba na shangazi wanapotofautiana. Baba anasema kinyozi aliandika KINYONGA kwenye kioo kama kawaida. Shangazi anasema alichovya kidole, akafikiri, akakifuta kwenye aproni. Nimewauliza mara nyingi, hakuna anayelegeza. Wanachokubaliana ni alichosema kinyozi walipokuwa wanatoka.

"Jumamosi ijayo uje mapema. Ila usiniletee hawa wapiga kelele."

"Nitakuja nao," shangazi alijibu. "Hawa ndio walimu wangu."

Baba anasema kwamba katika maisha yake amesifiwa na mahakimu, kwa kuwa alikuja kuwa mpiga chapa wa mahakama na kile kidole chake hatimaye kikapata kazi halali, lakini hakuna sifa iliyompanda kichwani kama ile.

Walikwenda Jumamosi kumi na nne. Kumi na tatu shangazi alishindwa, na kila aliposhindwa alirudisha mchezo nyuma mpaka akakuta alipokosea. Jumamosi ya kumi na nne, katikati ya watu sita waliokuwa wamekuja kunyolewa na sasa hawataki kunyolewa tena, alimpa kinyozi kete yake bure. Kinyozi akala, maana sheria ni sheria. Akampa ya pili. Kinyozi akasita, akatafuta pa kukwepea, hakupaona, akala. Shangazi akatoa mkono mmoja nyuma, akachukua kete moja na kuirusha juu ya tatu mfululizo, tak, tak, tak, mpaka upande wa pili.

"Kingi," alisema, kwa sauti ileile ambayo mtu angesemea "chumvi."

Profesa alipiga ukelele uliosikika kituo cha mabasi. Kinyozi alisimama, akanawa mikono, akachovya kidole kwenye povu na kuandika kwenye kona ya kioo chake mwenyewe: KINYOZI. Wateja walimzuia kulifuta, na kila lilipokauka kuna aliyeliandika upya. Lilikaa pale wiki nzima.

Baada ya hapo mambo yakaenda kama yaendavyo. Familia ya Profesa ilihamia upande mwingine wa mji. Ule ubao wa ngazini bibi yangu aliupigilia misumari kwenye dirisha la jikoni kioo kilipopasuka, kwa hiyo kwa miaka miwili walikuwa wanakula wakiutazama, mvua ikifuta miraba mmoja mmoja. Watatu hawakuachana, ila sasa walionana kwa kupanga.

Shangazi alipomaliza shule hakuwa na cheti cha kutisha. Hesabu alifaulu, mengine aliyapita kwa kuyagusa. Akaingia kiwanda cha sare, idara ya mwisho kabisa, ya kukata nyuzi zinazochomoza kwenye nguo zilizokwisha kushonwa. Miaka sita alikata nyuzi. Kisha akahamishiwa chumba cha ukataji, kutandaza vitambaa kwenye meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, tayari kwa mkataji mkuu. Katikati ya hayo aliolewa na fundi umeme, mtu mwema asiyeweza kutofautisha drafti na karata, wakajaliwa mabinti wawili.

Chumba cha ukataji alikipenda siku ya kwanza. Aliniambia, "Mahali pengine pote kiwandani, ukikosea unafumua. Pale ukishapitisha mashine, imepita." Mkataji mkuu alilalamika kwamba yule mama ni mzito. Wenzake wakamwuliza kama anaumwa. Yeye akawaambia, "Niiteni Kinyonga, mtanielewa," wakamwita, wakamwelewa.

Alikuwa na miaka thelathini na minne lilipotokea la majora membamba.

Kiwanda kilikuwa kimepata kazi ya sare za wauguzi, mia mbili na arobaini, kwa hospitali mpya iliyokuwa inajengwa. Kitambaa kilifika asubuhi ya Jumatatu, majora yamefungwa vizuri, rangi ndiyo yenyewe. Mkataji mkuu alikuwa amelazwa, amepasuliwa kidole tumbo. Shangazi, aliyekuwa msaidizi wake, akatandaza tabaka la kwanza na kuona pembeni mwa meza mbao iliyo wazi mahali ambapo siku zote hufunikwa. Akapima. Kitambaa kilipungua upana kwa vidole vinne.

Vidole vinne si kitu ukishona gauni moja. Lakini mpangilio wao wa kukata ulikuwa umepigwa hesabu kwa upana kamili. Ukipanga ile karatasi ngumu ya kila kipande, mbele, nyuma, mikono, kola, mifuko, mkanda, basi mkono mmoja ulibaki nje ya meza kila mara. Ungehitaji kitambaa zaidi kwa kila sare, na kitambaa zaidi hakikuwepo. Mwenye kuuza alisema wiki tatu. Hospitali ilikuwa inafunguliwa baada ya siku kumi na mbili.

Meneja wao alikuwa mwanamke mwepesi, mwenye kutembea kama anayefukuzwa. Alifika mezani akapima mwenyewe, akapima tena.

"Tupunguze urefu," alisema. "Vidole vitatu kwenye pindo. Nani atajua?"

"Muuguzi atajua, bosi," shangazi alisema. "Kazi yake ni kuinama."

"Sasa unataka nifanye nini? Wasichana thelathini wamekaa kwenye cherehani hawana cha kushona!"

"Nipe nusu saa."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kutazama."

Meneja alitazama saa ya ukutani. "Nusu saa," alisema, akavuta kiti akakaa palepale, mikono kifuani.

Shangazi aliondoa karatasi zote mezani. Akaweka mikono nyuma. Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi, na mashine zote zilikuwa kimya, kwa hiyo wasichana thelathini walimwona mtu mzima akisimama mbele ya kitambaa kitupu bila kufanya lolote. Mmoja akanong'ona, "Anasali?" Mwingine akasema, "Hapana, anaaga."

Baada ya dakika kama kumi na tano alichukua karatasi ya mkono, akaigeuza kichwa chini, akailaza ubavuni mwa nyingine, bega kwa kiwiko, zikashikana kama watu wawili kitanda kimoja. Kola akaziingiza kwenye nafasi inayobaki chini ya kwapa. Mifuko akaifichia shingoni. Bado kulikuwa na kipande kimoja kinakataa, na kipande hicho kilikuwa mkanda, mrefu, mnyoofu, unaodai kupita kutoka ncha hadi ncha bila kusumbuliwa. Alitazama mkanda kwa muda mrefu. Kisha akachukua mkasi na kuikata ile karatasi katikati.

Meneja akasimama. "Umeharibu patani!"

"Nimeitoa bure, bosi. Mkanda tutauunga, mshono ukae nyuma kabisa, chini ya tundu la kifungo. Nakipa kitambaa mshono mmoja zaidi kila sare. Nacho kinanirudishia mkono mzima." Akaviweka vile vipande viwili, kimoja juu, kimoja chini. Akasukuma karatasi ya mkono kwa kiganja. Ikaingia. Hapakuwa na kitu kilichobaki nje ya meza.

Meneja alizunguka meza yote akigusa kila pembe. Wakati huo shangazi naye alikuwa bado anatazama, na ndipo alipoona kosa lake: kola moja aliilaza kwa upande, kinyume na uzi wa kitambaa. Ikikatwa hivyo, baada ya kufuliwa mara mbili ingejikunja kama jani kavu. Kijana aliyekuwa akimsaidia alikuwa tayari ameshika mashine ya kukatia.

"Weka chini," shangazi alisema, bila kupandisha sauti. Akaigeuza kola, akausogeza mfuko kidogo kuipisha, akapitia kila kipande upya tangu mwanzo. Kisha akaichukua mashine mwenyewe na kuipitisha. Walitandaza matabaka arobaini kwa mkupuo mmoja, mara sita. Jora la mwisho likabaki na mita nne.

Alasiri meneja alimwita ofisini, akampa kiti.

"Niambie kitu, mama. Watu wote wale wanakutazama, mimi nimekukalia hapo kama askari. Hukuogopa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Shangazi alifikiri kabla ya kujibu, kama ilivyo desturi yake, na meneja akajifunza kungoja. "Nilikuwa na kaka yangu na rafiki yake," alisema. "Wale wamenitazama hivyo utoto wangu wote. Tena wao walikuwa wanatukana."

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Mkataji mkuu alipopona aliomba kazi nyepesi ya kukagua, na kiti chake akapewa shangazi. Wote waliojifunza chini yake waliambiwa neno moja siku ya kwanza: mikono nyuma, tazama kwanza.

Siku hospitali ilipofunguliwa, shangazi hakualikwa. Walioalikwa ni wakubwa. Lakini Profesa, ambaye kwa maneno yale yote hakuwa mwalimu wala wakili bali fundi bomba, alikuwa ndiye aliyefunga mabomba ya wodi mbili, na alijua geti la nyuma. Akawapigia simu wenzake, wakaja: shangazi katika gauni lake la kutokea, baba na tai ya mahakamani, Profesa na bisibisi mfukoni, endapo itahitajika.

Wakasimama kwenye ukingo wa ua, karibu na tangi la maji. Wauguzi walitoka kwa mistari miwili kwenda kupigwa picha, na sare zao zilikaa sawasawa, kola zimelala, pindo chini ya goti. Mmoja aliinama kuokota kalamu. Gauni likabaki mahali pake.

"Ulisema mkanda umeungwa," Profesa alisema, akikaza macho. "Umeungwa wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ndiko ninakotazama."

"Tazama vizuri."

Akatazama. Baba naye akatazama, akasogea hatua mbili mbele, akanyoosha kidole kama anayetaka kwenda kugusa, shangazi akamvuta kwa koti. Mstari wa mwisho ukapita, wakageuka kona.

"Mimi sijaona mshono," Profesa alikiri.

"Wala mimi," baba alisema.

"Vizuri," shangazi alisema, akauweka sawa mkoba wake begani. "Sasa nionyeshe hayo mabomba yako."